Unataka kuchora komiki? Tafuta kwanza mtu wa kukukatalia

Kila mara kuna mdogo wangu ananiandikia inbox, "kaka nataka kuanza kuchora komiki, ninunue tableti gani?" na mi jibu langu ni lilelile, achana na tableti kwanza, una nani anayeweza kuangalia kazi yako akakwambia hii haifai na akakuonyesha haifai wapi? Wengi hawana. Wana washkaji wanaoweka emoji za moto.

Ndo maana huwa nawapa stori ya Akira Toriyama, yule mchora komiki ya Dragon Ball, maana watu wanamjua Goku, shujaa wake, ila hawajui jamaa alipitia wapi. Kazaliwa 1955 Japani, akaajiriwa kampuni ya matangazo kule Nagoya kuchora michoro ya biashara, akaacha, mojawapo ya sababu ni kwamba kuamka asubuhi kulimshinda kabisa (hapo namwelewa sana). Kakaa hana kazi hana hela, akaona kwenye gazeti la komiki kuna shindano lenye zawadi ya pesa, akachora akatuma Weekly Shonen Jump, gazeti la komiki la kila wiki. Hakushinda, ila mhariri mmoja anaitwa Kazuhiko Torishima akaona huyu mkono anao, akamwambia we endelea kuleta.

Sasa hapo ndo pa kusoma taratibu. 1978 ikatoka kazi yake ya kwanza, Wonder Island, wasomaji hawakuipenda, na Jump wana kadi za wasomaji kupigia kura stori walizozipenda kwahiyo hamna pa kujificha. Baada ya hapo ikawa anachora anatuma inakataliwa, anachora tena inakataliwa tena, mwenyewe alisema zilifika kama kurasa 500!! Na Torishima hakuwa anakataa tu kwa roho mbaya. Kwenye komiki yake Dr. Slump ya 1980, Toriyama alitaka mhusika mkuu awe yule mvumbuzi Senbei, Torishima akasema hapana, mtangulize Arale, yule binti roboti. Ikavuma kinoma, watu wakaipenda. Toriyama nae akalipiza kiutani, adui mwenye roho mbaya kwenye stori akamchora na sura ya mhariri wake.

Hata kwenye Dragon Ball, wakati Torishima sio mhariri wake tena, alipoona maadui wapya, androidi (roboti wenye umbo la mtu) namba 19 na 20, akapiga simu kulalamika, yani mzee na mnene ndo maadui hao? Wakaja 17 na 18, akasema hawa watoto tu. Ndo akaja adui mwingine, Cell.

Mtu wa kunikatalia mimi alikuwa mzee mmoja mchora mabango mtaani kwetu. Komiki hajawahi kusoma maisha yake yote. Alikuwa anaishika karatasi mbali na macho, anauliza "huyu anaongea na nani?" na kama jibu halionekani kwenye mchoro anakurudishia, hamna pole hamna nini. Kwahiyo sio lazima awe mtaalamu, anaweza kuwa dada yako mpenda tamthilia, ilimradi akwambie alichoka ukurasa gani. Anayesema "mbaya" halafu basi, huyo hakusaidii kitu. Na mpelekee rasimu ya penseli, usipeleke kazi ushaipaka wino, maana ukishatumia wiki nzima kupaka wino utaanza kubishana nae. Akiwa anasoma funga mdomo, usimwelezee, angalia macho yake yanakwama wapi, hapo ndo pa kurekebisha hata kama mwenyewe hajasema.

Kingine cha kuiba kwa Toriyama ni uvivu, sitanii. Ile nywele ya dhahabu ya Super Saiyan, yani Goku akishapanda nguvu, kwenye kurasa za nyeusi na nyeupe ni nyeupe tu, na sababu moja ni kwamba msaidizi wake alikuwa anamaliza muda mwingi kujaza wino mweusi kwenye kichwa cha Goku. Gazeti linatoka kila wiki, kichwa kimoja kinakula masaa! Na hivyo ndo Dragon Ball ikaenda kuanzia 1984 mpaka 1995, sura 519. Kwahiyo we ambae mhusika wako ana rasta arobaini, tatuu mkono mzima na jaketi la vifungo kumi na nane, mchore mara ishirini leo jioni, mbele, nyuma, akikimbia, akianguka, halafu ndo uniulize habari za tableti.