Mkono Mdogo, Kifua Bapa Upande Mmoja: Majibu kwa Waliouliza

*Shikamoo mama. Mwanangu wa kiume ana miezi 4. Mkono wake wa kulia ni mdogo kuliko wa kushoto na vidole viwili vimeungana. Juzi nikimwogesha nimeona na kifua upande huohuo kimebonyea, chuchu iko juu kidogo. Mama mkwe anasema huu ni mkono wa mtu. – Mama Baraka, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Hakuna aliyemroga mtoto. Wala hakuna ulichokula, ulichobeba au uliyemcheka ukiwa mjamzito kikaleta hili. Nakuomba usome sentensi hizo mara mbili kabla hujaendelea.

Unachoeleza kinafanana sana na sindromu ya Poland, ingawa kuthibitisha ni kazi ya daktari atakayemshika mtoto. Anayezaliwa nayo hukosa sehemu ya msuli mkubwa wa kifua upande mmoja, na mara nyingi mkono wa upande huohuo huwa mdogo, vidole vifupi au vimeshikana. Jina halihusiani na nchi. Ni la Alfred Poland, aliyekuwa bado mwanafunzi wa udaktari Guy's Hospital, London, alipoieleza mwaka 1841 baada ya kuchunguza maiti ya mfungwa. Upande wa kulia ndio unaopatwa zaidi, na wavulana kuliko wasichana. Makadirio yanayotajwa sana ni mtoto mmoja kati ya 20,000 hadi 30,000, kwa hiyo usimlaumu nesi wa kliniki kama hakuitambua; anaweza kufanya kazi mpaka akastaafu bila kukutana nayo.

Kuhusu chanzo, maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba karibu na wiki ya 6 ya mimba damu hupungua kwenye mshipa unaopita chini ya mtulinga, wakati uleule kifua na mkono vinapoumbwa. Wiki ya 6! Wengi wetu wakati huo hata hatujajua kama tuna mimba. Mweleze mama mkwe hivyo, kwa upole, maana naye ana uchungu na mjukuu wake.

*Je, nikizaa tena? Na vidole vitenganishwe lini? – Mama Baraka tena*

Kurudia katika familia hutokea, lakini ni nadra sana. Zaa bila hofu.

Vidole ndivyo vya kuwahi. Kifua kinaweza kusubiri miaka, mkono hauwezi, kwa sababu mtoto anajifunza kushika sasa. Upasuaji wa kutenganisha kwa kawaida hufanywa kati ya mwaka 1 na 2, na vikiwa vimeungana vidole vya urefu tofauti, mfano kidole gumba na cha shahada, mapema zaidi ili kirefu kisipinde. Omba rufaa ya kwenda kwa daktari wa mifupa au wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, usingoje mtoto atembee. Na hapo nyumbani usimfunike mkono kwa soksi. Mwekee njuga, kijiko, kitambaa, auchezeshe.

*Mama, nina miaka 23. Kifua changu cha kushoto hakipo kabisa, mkono ni mzima. Nimenyanyua vyuma mwaka mzima, upande wa kulia umejaa na kushoto kumebaki vilevile. Nakosea wapi? – Kijana wa Mombasa*

Hukosei, mwanangu. Msuli ambao haupo haukuzwi kwa vyuma, na kadiri upande mmoja unavyojaa tofauti inazidi kuonekana. Jaribu hivi mbele ya kioo: weka mikono kiunoni, bonyeza kwa nguvu. Kulia utaona ukingo wa mbele wa kwapa ukisimama kama kamba. Kushoto kama hakuna kamba, basi msuli ndio haupo. Endelea na mazoezi, ila yaelekeze zaidi mgongoni na mabegani, kwani misuli hiyo ndiyo inayoubebea mkono wako kazi.

Kwa kuwa ni kushoto, mwone daktari angalau mara moja akusikilize moyo na kupiga picha ya kifua. Wachache hukosa na mbavu, na moyo ukawa umesogea kulia. Wengi hukutwa wazima kabisa. Ukitaka kujaza kifua, madaktari huhamisha msuli mpana wa mgongoni kuuleta mbele, au huweka silikoni au mafuta ya mwili wako mwenyewe. Hilo ni hiari yako, si dharura. Mmarekani Bryce Molder, aliyezaliwa na sindromu ya Poland, kifua na mkono wa kushoto, alishinda shindano la gofu la wachezaji wa kulipwa mwaka 2011.

*Binti yangu wa miaka 13 titi moja halikui. Analia akienda kuoga bwenini. – Baba wa mtoto, Nakuru*

Asante kwa kuandika, baba. Wengi huwaachia mama peke yao. Apimwe kwanza, kwa sababu kutolingana kidogo katika umri huu ni kawaida. Ikithibitika kuwa ni sindromu ya Poland, upasuaji wa kudumu husubiri mpaka titi la pili limalize kukua. Kwa sasa sidiria yenye sponji upande mmoja inatosha, fundi yeyote wa nguo anaishona. Na mwambieni kwamba atakapokuwa mama, titi moja linaweza kumtosheleza mtoto maziwa.

*Mwanafunzi wangu wa darasa la tatu huficha mkono mfukoni siku nzima. Nimsamehe kazi za mikono? – Mwalimu, Tanga*

Hapana, mwalimu. Muulize faraghani angependa azifanyeje, kisha umpe muda.

Niliwahi kuletewa mvulana wa miaka 9 aliyevalishwa sweta kila siku, joto la Dar es Salaam na yote, ili majirani wasimwone. Tulipomvua, mama yake aligeukia ukutani. Mtoto yeye alikuwa ameshainama kufunga kamba za viatu: ule mkono mdogo unabana kamba dhidi ya kiatu, mkubwa unazungusha kitanzi, mdogo unakipokea. Hakuna aliyemfundisha.