Sanduku la Sheria: Ndugu kakamatwa, wakili tumtafute lini?

Msimu wa korosho umefunguliwa na sanduku limejaa. Barua kutoka Tandahimba, Masasi, Newala na Lindi mjini zinazungukia jambo moja: ndugu yuko mikononi mwa polisi au ana kesi, familia inahangaika na wakili. Tumechagua tano.

Assalaam aleykum. Mpwa wangu ni mlinzi wa ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Magunia 14 hayaonekani na jana jioni polisi walimchukua. Mwenyekiti wetu anasema wakili ni wa mahakamani, tungoje asomewe mashtaka. Ni kweli?
*Mjomba mtu, Tandahimba*

Waalaykum salaam, mjomba. Mwenyekiti kakosea. Mtafute leo. Karatasi inayowafunga wengi huandikwa kituoni, nayo ni maelezo ya onyo. Polisi humtajia mtuhumiwa kosa, humwonya kwamba halazimiki kusema lolote, kisha huandika anayoyasema na kumpa asaini. Kijana kakesha lokapu, tumbo tupu, anaambiwa "saini tumalize", anasaini bila kusoma. Miezi ikipita anaisikia ikisomwa mbele ya hakimu: "Nilifungua mlango saa nane usiku, tukapakia magunia."

Mpwa wako ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki akiwa kituoni. Wakili akifika mapema, kazi yake kubwa siku hiyo ni kumweleza kijana kwamba anaruhusiwa kukaa kimya, kwamba asisaini asichokisoma, na kwamba kama anataka kueleza, aeleze analolijua na si anachokisia. Hiyo ni kazi ya siku moja, na unaweza kuilipia peke yake bila kujifunga na kesi nzima.

Wewe mwenyewe chukua daftari. Andika saa aliyokamatwa, mahali, waliokuwepo, na saa aliyofikishwa kituoni. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa 4 za kumhoji mtu tangu awekwe chini ya ulinzi, na nyongeza isiyozidi saa 8 kwa utaratibu wake. Muda wa kumsafirisha hauhesabiwi humo. Maelezo yaliyochukuliwa nje ya saa hizo bila nyongeza halali hupingwa, na mahakama zimeyatupa mara nyingi. Ila pingamizi lina wakati wake. Hutolewa pale mwendesha mashtaka anapoomba maelezo yapokelewe kama kielelezo. Yakishapokelewa kimya kimya, kulalamika kwenye utetezi kwamba ulipigwa au ulicheleweshwa hakusaidii sana. Kwa hiyo daftari lako limfikie wakili kabla ya siku hiyo, si baada ya hukumu.

Kama usiku ule kijana hakuwa zamu, msikae na hoja hiyo mfukoni mkitaka kushtukiza. Anayejitetea kwamba hakuwepo eneo la tukio hutoa taarifa kwa mahakama na upande wa mashtaka kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Akichelewa, angalau atoe maelezo yake kabla upande wa mashtaka haujafunga ushahidi. Tafuteni leja ya zamu na mjue funguo za ghala zilikuwa kwa nani. Watu wa ghala wanajua kwamba funguo mara nyingi huwa zaidi ya moja.

Na dhamana ya polisi haiuzwi. Nenda na kitambulisho chako na barua ya mtendaji wa kijiji, uombe umdhamini. Akikataliwa, kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24.

Wakili mmoja anataka milioni tatu zote kabla hajaanza. Mwingine anataka laki nane "kwanza". Mwanangu anashtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Tumfuate yupi?
*Mama Hadija, Masasi*

Mama, bei haikwambii kitu mpaka ujue inanunua nini. Huyo wa laki nane anaweza kukuishia ghali kuliko wa milioni tatu kama "kwanza" yake ni ya kila tarehe.

Kesi ina tarehe za kutajwa na tarehe za kusikilizwa. Kwenye makosa makubwa mashtaka husomwa upelelezi ukiendelea, na mshtakiwa hurudishwa mahabusu na kuletwa tena kila baada ya wiki mbili hivi, kusikia kwamba upelelezi haujakamilika. Siku hizo shughuli huisha kwa dakika tano. Kulipa wakili atoke Mtwara mjini hadi Masasi, karibu kilomita 200, kusikiliza sentensi hiyo ni kumwaga pesa. Muulize wazi: siku za kutajwa utakuja? Utadai nini? Usipokuja, nani atanipigia simu kunipa tarehe?

Kosa la mwanao halina dhamana, na adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30. Hapo usibanie kwenye sehemu mbili: usikilizwaji wa awali, ambapo pande zote huonyesha mambo yasiyobishaniwa, na siku za mashahidi wa mashtaka. Utambuzi ndio moyo wa kesi hizi. Shahidi alimwonaje usiku, kwa taa gani, kwa umbali gani, kwa muda gani, na je, alimtaja kwa mtu wa kwanza aliyekutana naye? Maswali hayo huhitaji wakili aliyesoma jalada, na kulisoma kunakula muda kuliko kusimama mahakamani.

Tunachopendelea ni malipo kwa hatua: kiasi cha kufungua jalada na kulisoma, kiasi kwa kila siku ya mashahidi, kiasi cha utetezi na hoja za mwisho. Nauli na chakula viandikwe pembeni. Iandikwe pia kama rufaa imo au haimo. Kwa kawaida haimo, na familia hugundua hilo siku ya hukumu. Kila mkisaini, mchukue nakala na risiti.

Akikutajia "hela ya hakimu", funga mkoba uondoke. Mtoaji na mpokeaji wa rushwa wote ni wahalifu, na mara nyingi hakimu mwenyewe hana habari. Aliyekuhakikishia kwamba mwanao atatoka naye muogope vivyo hivyo.

Nitamjuaje wakili wa kweli? Nje ya mahakama wapo wanaojiita wanasheria na wana mihuri.
*Bodaboda, Lindi mjini*

Hao ndio vishoka. Mtu anaweza kuwa na shahada ya sheria na bado asiwe wakili. Wakili ni yule aliyeapishwa, akaandikwa kwenye orodha ya mawakili, na ana leseni ya mwaka huu. Leseni huisha 31 Desemba, hivyo iliyotundikwa ukutani isome tarehe. Muombe jina kamili na namba yake ya uwakili, kisha utafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kwa simu yako. Asiyetaka kutaja namba hana namba. Wakili halali akikuibia, malalamiko yana pa kupelekwa: Chama cha Mawakili Tanganyika na Kamati ya Mawakili. Kishoka akikuibia, unabaki na polisi tu.

Jihadhari pia na wakili mmoja kuwatetea wawili mnaosukumiana kosa. Akimwokoa mwenzako, anakuzamisha wewe.

Kesi yangu ya kutukana iko Mahakama ya Mwanzo. Nikodi wakili?
*Fundi cherehani, Newala*

Zamani mawakili hawakuingia kabisa Mahakama ya Mwanzo. Tangu marekebisho ya 2021 wanaruhusiwa pale tu anaposikiliza hakimu mkazi, kwa hiyo anza kwa kumuuliza karani ni nani anayesikiliza. Kwa kesi hiyo, lipia ushauri wa saa moja na upange mashahidi wako. Kitu kimoja: usijibu "ni kweli" ili uwahi cherehani. Aliyekiri kosa kwa kawaida hukata rufaa juu ya adhabu tu.

Hatuna kitu. Baba yuko gereza la Lilungu na amefungwa wiki iliyopita na Mahakama ya Wilaya.
*Binti mkubwa, Mtwara*

Pole sana, mwanetu. Hesabu siku kabla ya kuhesabu pesa. Taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu. Kwa baba zimebaki chache. Sababu za rufaa hufuata ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kungoja nakala ya mwenendo na hukumu. Mahakama Kuu iko hapo hapo Mtwara.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamruhusu jaji au hakimu kuagiza mtu asiye na uwezo apewe wakili bure, lakini asingoje kuonwa: aombe, na aeleze hali yake. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa nao hawatozi chochote. Hawasimami mahakamani, ila kuandika barua na kufuatilia nakala wanaweza. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri.

Leo nenda Lilungu. Mfungwa hukabidhi taarifa yake kwa mkuu wa gereza, naye huipeleka mahakamani. Muulize baba kama ameshasaini, na tarehe gani.