Uchungu ukikata ghafla usifurahi, sema haraka

Mtoto wa kwanza nilizaa kwa operesheni, wa pili nikataka kuzaa kawaida, na kiukweli sioni kama nilikosea kutaka, maana daktari alinieleza vizuri kwamba mwenye mshono mmoja wa chini, ule wa kukatwa kwa mlalo, mara nyingi anaweza kujaribu, na kwenye wanawake 200 wanaojaribu ni kama mmoja hivi ndo mfuko wa uzazi unapasuka. Mimi nikawa huyo mmoja, wiki ya 38.

Uchungu wa kawaida unakuja unaondoka, katikati unapata hata nafasi ya kuomba maji. Wangu ulianza hivyo hivyo, alafu ikafika saa mkazo unaisha lakini pale chini penye mshono panabaki panachoma, hapaachii, na mimi nikanyamaza nikijua ndo leba yenyewe, si wanasema inauma. Baadaye nikasikia kitu kama kimeachia ndani, maumivu makali sana, kisha mikazo ikakata kabisa. Nikamwambia mume wangu afadhali, nimepumzika. Hilo neno linaniuma mpaka leo jamani, kwa sababu muda huo damu ilikuwa inamwagika tumboni na kwenye pedi kulikuwa na doa dogo tu.

Likafuata bega kuuma, yani bega, wakati shida iko tumboni (damu ikifika juu chini ya mbavu maumivu yanasikika begani), jasho la baridi, moyo unakimbia. Nesi akaweka kipimo cha mapigo ya mtoto, inatakiwa 110 mpaka 160 kwa dakika, ikasoma 70. Hakupima mara ya pili, akaita watu.

Dripu mikono yote miwili, damu ikachukuliwa kupima grupu, mpira wa mkojo ukawekwa na mkojo ukatoka mwekundu, moja kwa moja thieta. Hapo hakuna dawa ya kumeza wala kusubiri uone, tumbo linafunguliwa mtoto atoke na damu isimame. Mwanangu alitoka hajalia, wakamsaidia kupumua, saivi anakimbia. Kizazi changu kilishonwa, kuna wenzangu wengi kinatolewa kwa sababu damu imegoma kukata, na mama akiamka akaambiwa hivyo msimlaumu yeye wala aliyekitoa, alikuwa anaokolewa.

Sasa dada, kama una mshono, ulizia ulikatwaje NDANI. Kovu la kwenye ngozi linaweza kuwa la mlalo kumbe mfuko ulikatwa wima kwa juu, na huyo hatakiwi kusubiri uchungu kabisa. Mwambie daktari pia kama uliwahi kutolewa uvimbe kwenye kizazi. Usikae na uchungu nyumbani, nenda mapema penye thieta na damu. Na tafadhali sana usimeze chochote cha kuharakisha uchungu, iwe mizizi au vidonge vya misoprostoli ulivyopewa na mtu, mikazo inakuwa mikali kuliko mshono unavyoweza kuhimili. Hata ambaye hajawahi kupasuliwa anaweza kupasuka, hasa aliyezaa mara nyingi au mtoto amekwama na uchungu unaendelea kusukuma masaa na masaa. Mimba nyingine ikija baada ya kupasuka, wengi wanapangiwa operesheni wiki ya 36 au 37, kabla uchungu haujaanza.

Jambo moja naomba mlifanye mapema. Yule atakayekusindikiza mfundishe maneno haya, kwa sababu mimi dakika zile ulimi ulikuwa mzito na mume wangu hakujua aseme nini: "Ana mshono, maumivu hayaachi hata mkazo ukiisha, na sasa uchungu umekata." Akishasema hivyo asiondoke mlangoni mpaka mtu aje apime mapigo ya mtoto.