Pombe na Bangi Marekani: Ushauri kwa Asiye na Uraia

Ndugu zetu wakitua hapa Dallas kutoka nyumbani, lalamiko la kwanza huwa halihusu kazi wala baridi. Ni Jumapili mchana, nyama iko kwenye makaa, wageni wako njiani, mtu anatumwa akalete chupa ya wiski na anakuta duka limefungwa. Anapiga simu kwa hasira: "Kwani hii ndiyo ile nchi ya uhuru?" Ndiyo yenyewe. Texas haiuzi pombe kali dukani siku ya Jumapili. Maduka yake hufunguliwa saa nne asubuhi hadi saa tatu usiku, Jumatatu mpaka Jumamosi, na siku ya Thanksgiving, Krismasi na Mwaka Mpya hufungwa pia. Bia na mvinyo ni habari nyingine: hivyo unavipata hata supamaketi, na tangu 2021 Jumapili vinauzwa kuanzia saa nne asubuhi badala ya saa sita mchana.

Sisi tuliotoka Kenya tusijifanye tumeshangaa sana. Tulikuwa na sheria ya Mututho ya 2010, iliyofunga baa hadi saa kumi na moja jioni siku za kazi, na tukaizoea. Tofauti ni kwamba ile ya kwetu ilikuwa moja kwa nchi nzima. Hapa marufuku ya pombe ilipoondolewa mwaka 1933, Marekebisho ya 21 ya Katiba yaliyaachia majimbo yenyewe kazi ya kupanga nani auze nini, wapi na saa ngapi. Kwa hiyo ukivuka mpaka wa jimbo, futa ulichokijua. Pennsylvania pombe kali unainunua kwenye duka la serikali ya jimbo. Utah, hata bia ikizidi asilimia 5 ya kilevi inahamia kwenye maduka ya jimbo. Indiana, duka la vyakula litakuuzia bia lakini si ya baridi. Ya baridi ni ya maduka ya pombe. Na Tennessee kuna kaunti ya Moore, nyumbani kwa Jack Daniel's, ambayo kwenye vitabu bado ni kaunti kavu, yaani isiyoruhusu kuuza pombe. Wiski inatoka pale kwenda dunia nzima. Usiniulize mantiki yake.

Kitu kimoja tu kinafanana kila mahali: miaka 21. Mwaka 1984 Congress iliyaambia majimbo kwamba lisiloweka umri huo litakatwa fedha za barabara, na yote yakakubali. Kijana wako aliyekuwa akinywa Nairobi kihalali akiwa na miaka 18 anarudi kuwa mtoto akishuka kwenye ndege.

Hili nalifahamu kutoka upande wa pili wa kaunta. Miaka yangu ya mwanzo nilikuwa keshia wa zamu ya usiku kwenye kituo cha mafuta, kazi ambayo wengi wetu huanzia. Saa sita ya usiku ikigonga, mashine yenyewe inafunga mauzo ya bia. Jumamosi usiku inaongeza saa moja. Ukipitisha kopo kwenye skana linakataliwa, na mteja aliye mbele yako anaapa kwamba aliingia dukani dakika tano kabla, ni foleni iliyomchelewesha. Mwache aape. Hakuna kitufe cha kumsaidia, na kama kingekuwapo usingekigusa.

Ukipata kazi hiyo, shika jambo hili kabla ya mengine yote: kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 21 hapa Texas ni kosa la muuzaji mwenyewe, si la tajiri wa duka peke yake. Adhabu yake inafika mwaka mmoja jela na faini ya dola 4,000. Leseni ya Texas ya aliye chini ya umri huchapishwa wima, lakini usitegemee umbo, soma tarehe ya kuzaliwa. Na hapa ndipo wageni hunaswa: Mmarekani anaanza na mwezi. Leseni ikisema 07/04 macho yetu yanasoma tarehe saba Aprili, kumbe ni tarehe nne Julai. Ukimkadiria mtu umri kwa kichwa saa nane ya usiku akitaka sigara, au saa tano akitaka bia, miezi mitatu hiyo inatosha kukupeleka mahakamani.

Wakati mwingine mtego unatoka nyumbani. Mpwa wako wa chuo anasema, "Mjomba, nichukulie mzigo wa bia, tuna sherehe ndogo." Texas humruhusu mzazi kumpa mwanawe kinywaji akiwa naye pale pale, anamwona. Mzazi, mlezi wa kisheria, au mume au mke aliye mtu mzima, basi. Mjomba hayumo, shangazi hayumo, hata kama ndiwe uliyemlea na kumlipia karo. Ukimnunulia, kosa ni la uzito ule ule wa keshia. Tena usimtume mtoto dukani akuletee bia kama tulivyotumwa sisi tukiwa wadogo. Keshia atamfukuza, na akiwa mkali atauliza mzazi yuko wapi.

Muratina au busaa ya kunywa na jamaa zako nyumbani haina shida kwa sheria ya serikali kuu, mradi huiuzi na hupitishi kiasi kilichowekwa. Chang'aa usithubutu. Na kwenye harambee, kugawa bia ni jambo moja, kuuza tikiti za bia bila kibali ni lingine kabisa.

Hayo yote ya pombe, ukikosea, mara nyingi unalipa faini unaendelea na maisha, isipokuwa kuendesha gari ukiwa umelewa. Hilo lina meno hata kwenye uraia. Tangu uamuzi wa Mwanasheria Mkuu wa 2019, mtu aliyetiwa hatiani mara mbili au zaidi katika kipindi kinachoangaliwa huchukuliwa kuwa hana mwenendo mwema mpaka athibitishe vinginevyo. Lakini bangi ndiyo iliyonifanya niandike makala hii, kwa sababu hapo watu wetu wanasikia neno "halali" na kuacha kusikiliza.

Hadi mwisho wa 2025 majimbo 24 yalikuwa yameruhusu watu wazima kutumia bangi kwa starehe. New Mexico ni mojawapo, na maduka yake yalianza kuuza Aprili 2022. Mji wa Sunland Park umeshikana na El Paso kiasi kwamba mgeni hajui ametoka Texas saa ngapi. Upande mmoja unaingia duka lenye taa na vioo, unaonyesha kitambulisho, unapewa risiti. Ukirudi upande wa pili na majani yasiyozidi wakia mbili, kosa lake linaweza kukupa siku 180 jela na faini ya dola 2,000. Ukirudi na pipi ni mbaya zaidi, na hili wengi hawaliamini mpaka walipatapo. Sheria ya Texas inauweka utomvu wa bangi, ulio ndani ya pipi na vepu, kwenye kundi zito kuliko majani. Chini ya gramu moja tayari ni jinai kubwa. Na wanapima kitu kizima, pamoja na sukari na unga. Pakiti ya pipi yenye gramu 40, ambayo bangi yenyewe ndani yake ni punje, kwa maandishi ya sheria inaangukia kifungo cha miaka 2 hadi 20.

Barabara ya I-10 kutoka El Paso kuja huku ina kituo cha Border Patrol, askari wa mpakani, pale Sierra Blanca, chenye mbwa wa kunusa. Mwanamuziki Willie Nelson alikamatwa pale 2010, rapa Snoop Dogg 2012. Hao ni raia, wenye mawakili na pesa. Wewe una nini?

Nauliza hivyo kwa sababu macho yanayokutazama si ya jimbo peke yake. Kwa serikali kuu bangi ni dawa iliyopigwa marufuku tangu sheria ya 1970, na uhamiaji ni kazi ya serikali kuu. Mwaka 2024 lilitolewa pendekezo la kuishusha kutoka daraja la kwanza hadi la tatu, na watu wakanitumia habari hiyo kwa WhatsApp kana kwamba mambo yamekwisha. Daraja la tatu bado ni orodha ya dawa zinazodhibitiwa, na orodha hiyo ndiyo afisa wa uhamiaji anayoisoma. Aprili 2019 idara ya uhamiaji iliandika wazi katika mwongozo wake kwamba shughuli za bangi, hata zile zilizohalalishwa na jimbo, zinaweza kumzuia mtu kupata uraia.

Mwezi huo huo, meya wa Denver, Michael Hancock, alimwandikia Mwanasheria Mkuu William Barr kulalamika, baada ya wakazi wawili wenye makaratasi halali kukwama kwenye uraia. Hawakuwa wamekamatwa na kitu. Walikuwa wamefanya kazi kwenye biashara ya bangi yenye leseni ya Colorado, wakilipa kodi. Kwa hiyo ukiona tangazo la kazi ya kaunta kwenye duka la bangi, yenye mshahara mzuri kuliko ghala, lipite. Hata ulinzi wa mlangoni au udereva wa kusambaza mzigo usiushike kabla ya kumwona wakili.

Halafu kuna mdomo. Sheria ya uhamiaji haihitaji hukumu ya mahakama kila mara. Kukiri kwa afisa kwamba ulitenda kosa la dawa za kulevya kunaweza kutosha kukuzuia usiingie nchini. Mtu ana kadi ya kijani, ametoka kumzika mzazi Kisumu, anaulizwa uwanja wa ndege kama amewahi kutumia bangi, naye kwa ukarimu wetu wa kujibu wakubwa anasimulia likizo yake ya Colorado. Usiseme uongo, huo ni kesi nyingine. Sema hutajibu swali hilo bila kuzungumza na wakili. Na picha za kujionyesha na misokoto, zitoe kabisa katika maisha yako, kwa kuwa maafisa wa mpakani wana mamlaka ya kukagua simu. Kuna nafuu kwa aliyepatikana mara moja na gramu 30 au pungufu za kutumia mwenyewe, lakini inamkinga asifukuzwe tu. Akisafiri nje, mlango wa kurudi ni hesabu nyingine.

Madereva wa malori, nanyi mko kwenye mizani hiyo hiyo hata mkiwa raia. Vipimo vyenu vya dawa za kulevya ni vya serikali kuu, na karatasi ya daktari ya kuruhusiwa bangi na jimbo haitambuliwi. Matokeo mabaya yanaingia kwenye rejista ya taifa iliyoanza Januari 2020, na tangu Novemba 2024 jimbo linakunyang'anya daraja la leseni ya lori mpaka umalize utaratibu wa kurejea kazini. Kusema ulitumia mafuta ya CBD kutoka duka la barabarani hakukuokoi. Maduka hayo yamejaa Texas, yanauza kwa jina la katani (hemp, jamaa ya bangi yenye kilevi kidogo, si mkonge) vitu vinavyolevya, na kibandiko kwenye kichupa si ushahidi wa kilichomo.

Wanaoishi kwenye nyumba za ruzuku ya serikali, ikiwemo Section 8, wajue kwamba mkataba wao unafuata sheria ya serikali kuu hata Chicago, ambako bangi inauzwa mchana kweupe, gramu 30 kwa mkazi na 15 kwa mgeni.

Kama tayari ulishafanya kazi kwenye biashara ya bangi, au ulishakamatwa na ukaambiwa kesi imefutwa, usijaze fomu ya uraia kwa kusaidiwa na jirani. Inauliza maswali ya dawa za kulevya na ya kukamatwa, na kesi iliyofutwa bado inatajwa. Omba mahakamani nakala ya uamuzi yenye muhuri, umpelekee wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Mashirika mengi ya wakimbizi na ya makanisa yanao, kwa bei ya chini. Fanya hivyo kabla ya kukata tiketi ya kwenda nyumbani Desemba.