Neema, umeniuliza nani anastahili gwanda

Mwanangu Neema,

Salaam kutoka Morogoro. Mama yako hajambo, goti ndilo linamsumbua kukiwa na baridi. Mahindi tumeshavuna, si mabaya kwa mvua ya mwaka huu.

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Kwa hiyo umesema mbele ya watu kwamba unataka kuomba nafasi jeshini, na binamu yako Baraka akacheka. Kwamba miezi mitatu ya mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria uliyofanya Mafinga baada ya kidato cha sita ilikuwa kambi ya kupiga picha. Kwamba mwenye haki na gwanda ni yule aliyepikwa ukuruti Kihangaiko, kwenye shule ya askari wapya, na msomi anayeingia chuo cha maofisa Monduli na digrii yake akatoka na nyota begani amepita mlango wa uani. Ukamalizia kwa kuniuliza: "Baba, wewe umefundisha kuruti mpaka ukastaafu. Kuna njia inayomfanya mtu alistahili kweli, au zote ni mbio na kelele?"

Nijibu kwanza, maelezo baadaye. Hakuna kozi inayomfanya mtu alistahili gwanda. Kozi inampa ruhusa ya kulivaa, na kuanzia siku hiyo anadaiwa. Baraka anaiona paredi ya kufunga mafunzo kama siku ya kulipwa. Mimi nimesimama kwenye paredi nyingi nikiwatazama vijana wakila kiapo, na kila mara nilijua kwamba deni lao ndiyo kwanza linaandikwa.

Lakini asije akakudanganya kwamba kambi ni mbio na kelele. Mbio zipo, kelele zipo, na ndizo watu wanazosimulia wakirudi uraiani: filimbi ya alfajiri, mchakamchaka, fatiki ya kufyeka, mestini za maharage, hanga lenye vitanda vimetandikwa kwa kamba. Hayo yote yana kazi yake ndogo. Hata kwata, ambayo zamani ilikuwa namna ya kuwapanga askari mistari wapige risasi kwa pamoja, leo hakuna anayekwenda nayo vitani. Imebaki kwa sababu inamfundisha mtu aliyechoka kusikiliza sauti moja na kutenda kabla hajaanza kubishana na nafsi yake.

Mwalimu wa kuruti anatazama kwingine. Wiki za mwanzo kila mtu ni shujaa, maana ugeni unambeba. Ugeni ukiisha ndipo unapomjua mtu, na mahali pa kumjulia ni lindoni, saa nane usiku, mvua inanyesha, hakuna anayemwona. Nimewahi kuwa na kijana mwepesi kama swala, saluti yake unatamani uipige picha, nikamkuta amelala na silaha imeegemezwa kwenye mti. Na nimewahi kuwa na msichana aliyeshika mkia kila asubuhi, anahema mpaka unamwonea huruma, lakini risasi alizokabidhiwa zilirudi kwa hesabu, na mwenzake alipoishiwa nguvu kwenye matembezi ya usiku yeye ndiye aliyembebea mzigo bila kuambiwa. Ukiniuliza ningependa nani awe upande wangu wa kulia, sihitaji kufikiri.

Na silaha yenyewe. Kabla kuruti hajaruhusiwa kupiga shabaha, anaifungua, anaifunga, anaisafisha, anaikagua kama ina risasi, kisha anaanza upya mpaka anaichukia. Akimwelekezea mwenzake mtutu, hata mtupu, atakiona cha moto. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha mafunzo yote. Raia hana haja ya kujua kama unaweza kukimbia kilomita kumi. Ana haja kubwa ya kujua kwamba mtu mwenye bunduki mtaani kwake anajua lini asiitumie.

Doso, zile adhabu za kambini, sitaitetea yote. Kuna adhabu inayofundisha: umeacha vifaa vyako ovyo, unaruka kichura, hutaviacha tena. Na kuna ile inayotolewa kwa sababu afande ameamka vibaya, au amegundua kwamba kuna raha katika kumdhalilisha mtu asiyeweza kumjibu. Hiyo haijengi askari. Kijana anayefunzwa kwa kudhalilishwa atajifunza kweli, na somo lenyewe atakuja kulifanyia mazoezi kwa raia. Niliwaambia hivyo wakufunzi wenzangu, na si wote walionipenda kwa hilo.

Sasa vumilia historia kidogo, najua utaguna.

Usiku wa kuamkia tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliwakamata maofisa wao wa Kiingereza na kuingia mjini. Jeshi hilo lilitokana na King's African Rifles ya mkoloni. Mafunzo walikuwa nayo, kwata safi, buti zinang'aa. Madai yao, mshahara bora na maofisa Waafrika, hayakuwa ya kijinga hata kidogo. Lakini maduka yaliporwa, watu walikufa, Rais akafichwa, Tabora nako wakafuata, na nchi iliyokuwa na uhuru wa miaka miwili tu ikalazimika kuwaomba Waingereza walewale waje kuizima fujo. Makomandoo wao walitua tarehe 25. Ukipima kwa kipimo cha Baraka, wale askari walikuwa wamelistahili gwanda kuliko mtu yeyote nchini. Walivuliwa, jeshi likavunjwa.

Na lililokuja baada yake lilianzaje? JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, ilizaliwa tarehe 1 Septemba 1964, mkuu wake wa kwanza akiwa Brigedia Mrisho Sarakikya, mmoja wa Watanganyika wachache waliokuwa wamesomea Sandhurst. Wengi wa waliojaza safu walikuwa vijana wa TANU na wa Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka mmoja kabla, tarehe 10 Julai 1963. Wengi hawakuwa na kwata ya kumwonyesha mtu. Walichaguliwa kwa sababu nchi iliwaamini, ufundi ukafuata. Ile kambi ya Colito yenyewe ikaja kuitwa Lugalo, jina la mahali kule Iringa ambapo Wahehe wa Mkwawa mwaka 1891 waliupiga msafara wa Mjerumani Zelewski wenye sare, mabuti na bunduki za kisasa. Aliyechagua jina hilo alijua analolifanya.

Halafu ikaja 1978. Majeshi ya Amin yalipovuka na kuikalia Kagera mwishoni mwa Oktoba, JWTZ peke yake haikutosha, na mgambo wakaitwa: wakulima, vijana wa vijijini, watu waliokuwa wakicheza gwaride jioni baada ya shamba. Walikuwemo katika safari iliyofika Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Babu yako mdogo alikuwa mmoja wao, na mpaka anakufa hakuwahi kujiita mwanajeshi. Ila usiende kumwambia Baraka kwamba basi mafunzo hayana maana. Wale mgambo walifundishwa upya kabla ya kuvuka mpaka, na mbele yao na nyuma yao walikuwepo wapiga mizinga, mafundi na maofisa waliosomea kazi hiyo kwa miaka. Moyo haulengi mzinga. Mtu asiyefunzwa akipelekwa vitani anakufa yeye, na anawaua wenzake kwa kutojua.

Kuhusu wasomi wa Monduli, Baraka ana chuki ambayo si yake, ameiokota. Ni kovu la zamani. Mwaka 1966 serikali ilipowataka wahitimu waende JKT miaka miwili, sehemu kubwa ya muda huo kwa asilimia 40 ya mshahara, wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana tarehe 22 Oktoba. Mwalimu akawafukuza karibu 400, na katika hasira hiyohiyo akajikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Tangu hapo msomi na gwanda wanatazamana kwa jicho la pembeni. Leo mambo yamegeuka: mujibu wa sheria ulisimama 1994, ukarudi 2013, na sasa vijana wenye shahada wanagombania nafasi, maana cheti cha JKT kinafungua milango ya ajira, jeshini na kwingineko. Sioni aibu mtu kutaka mshahara. Mimi mwenyewe niliupenda wangu.

Lakini nyota ile ya Luteni Usu haina wepesi anaoudhani. Ofisa mwanafunzi anakula vumbi lilelile, kisha anakabidhiwa watu, na wengi wao wanaijua kazi kuliko yeye. Sajini mwenye miaka kumi na mitano kazini atamtazama usoni na kumwitikia "ndiyo afande", na ofisa akiwa na akili atajua kwamba ametii nyota, yeye bado anapimwa. Tarehe 13 Julai 2013 tulipoteza walinda amani 7 Darfur kwa siku moja. Desemba 2017 kambi yetu ya Semuliki, mashariki ya Congo, ilishambuliwa na tukazika vijana wengi. Katika misiba ile sikumsikia mtu akiuliza marehemu alipitia Kihangaiko au Monduli.

Sasa wewe. Miezi yako mitatu haikukufanya askari, na nadhani unajua. Hukudai hivyo. Ilikufanya raia aliyelala kwenye hanga moja na binti wa Kigoma na binti wa Pemba, akala walichokula, akajua uzito wa bunduki na ubaya wa kuichezea. Kwangu hilo si dogo, na picha zako za Mafinga usizione haya. Gwanda lenyewe usilivae mtaani kwa mbwembwe. Unakumbuka Agosti 2023 jeshi lilivyowapa raia siku saba wasalimishe mavazi yanayofanana na ya kijeshi, na sheria ipo.

Kama nia yako ni ya kweli, omba. Angalia kwanza kigezo cha umri kwenye tangazo, kwa sababu hicho hakina huruma, na cheti chako cha JKT kitafute sasa, maana kila ukihama nyumba unapoteza karatasi. Anza kukimbia polepole, usisubiri usaili. Na mtu akikwambia ana mjomba makao makuu, umpe laki tano akusukumie jina, huyo ni tapeli. Usimpe hata nauli.

Ukienda kwa mlango wa kuruti nitafurahi. Ukienda kwa mlango wa Monduli nitafurahi, ila utanivumilia, maana utakuwa umenipita cheo na itabidi nizoee. Baraka mwambie aje shambani siku moja tuzungumze. Kuna mifereji ya kuchimba kabla ya vuli.

Ukipiga simu, piga baada ya saa mbili usiku. Mchana huku bondeni mtandao haushiki.

Baba yako