Mashine hainitambui, siku zangu zinakatwa

SWALI: Shikamoo Anti. Nauza vitenge kwenye duka moja Kariakoo, bosi katufungia kamera kila kona na mlangoni kaweka mashine ya kusoma sura badala ya daftari. Nikifika asubuhi inanikataa, nahangaika weee, ikija kukubali ishaandika nimechelewa, mwezi uliopita nimekatwa siku tatu! Bosi anasema mashine haidanganyi. Halafu hizo kamera anazisikiliza kwenye simu akiwa kwake Mbezi, mpaka tunachoongea tukila anakijua. Nikilalamika naogopa ataniona mwizi. Nifanyeje?
Muuza vitenge

JIBU: Marahaba mwanangu, pole sana. Kulinda mali yake ni haki yake kabisa, ila hilo la mashine haidanganyi sikubali. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za makampuni zinazokisia kama sura ni ya mwanaume au mwanamke, kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, kwa wanawake weusi yakafika mpaka 34.7. Na kule karibu na Detroit, Marekani, Januari 2020 Robert Williams, mtu mweusi, alikamatwa nyumbani kwake mbele ya watoto wake kisa kompyuta ilimfananisha na mtu aliyeiba saa za mkono dukani, akalala mahabusu, kumbe siye. Sasa wewe unakatwa hela ya chakula kwa mashine kama hiyo, inaniuma kwakweli.

Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na sura inayosomwa na mashine iko kwenye taarifa nyeti. Bosi anatakiwa akwambie anaichukua ya nini, na una haki ya kukataa uamuzi mzito juu yako usiachiwe mashine peke yake. Mwombe kwa upole akusajili upya palepale mlangoni, kwa mwanga wa asubuhi, ukiwa na mtandio wako kama huwa unavaa, na daftari lirudi pembeni ya mashine. Maongezi yenu ya msosi hayalindi kitenge hata kimoja, mwambieni wote kwa pamoja azime sauti, asikuone wewe peke yako.

Akigoma, mambo ya sura na kamera peleka Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ya mshahara nenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi. Ila huko utaulizwa ushahidi, kwahiyo kuanzia kesho ukifika tu, kabla hujaisogelea mashine, andika saa na mwenzako asaini.