Kikombe cha babu yako

Mwanangu,

Umeniuliza kama ni kweli kahawa inazuia saratani, na kama ununue vile vidonge vya kahawa mbichi. Siku tatu sasa nashika kalamu, na kila nikiishika namwona babu yako.

Unakumbuka alivyokuwa akinywa: kahawa imetoka motoni sasa hivi, anaipuliza mara moja tu, kisha anaifyonza mpaka tunamsikia chumba cha pili. Mwaka 1994 alipopatikana na saratani ya kibofu cha mkojo, nilikuwa nimeshasoma kwamba mwaka 1991 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kahawa kwenye orodha ya vitu vinavyoweza kuleta saratani hiyohiyo. Basi nikamnyima. Ni mimi, si baba yako. Yeye alinyamaza tu. Wiki za mwisho mzee aliniomba nimsogezee kikombe changu anuse. Nikainuka nikakitoa chumbani. Na sigara? Sigara tulimwachia, tukasema ameshaizoea.

Mwaka 2016 shirika lilelile lilipitia tafiti zaidi ya 1,000, likaitoa kahawa kwenye orodha ile. Wanywaji wengi wa kahawa walikuwa wavutaji pia, na tafiti za zamani hazikuweza kutenganisha kikombe na moshi. Siku niliyosoma habari hiyo nililia, mwanangu.

Baba yako husema nilifanya kwa nilichokijua wakati ule. Labda. Lakini pua yake tu ingedhurika nini?

Haya, swali lako. Wanywaji wa kahawa huonekana kupata saratani ya ini kwa uchache kuliko wasiokunywa, na ya mji wa mimba vilevile. Wataalamu hutaja kemikali za asili zilizomo kwenye kahawa, yaani asidi ya klorojeniki, kafestoli na kahaweoli, ambazo maabara zimeonyesha zinazisaidia seli kujikinga na sumu. Nafurahi kusoma hivyo, sikufichi. Ila asidi ile hupungua kahawa ikikaangwa, na kafestoli hupandisha lehemu kwenye damu kahawa isipochujwa kwa karatasi. Tena mtu ambaye ini lake limeanza kuchoka huenda ameacha kahawa kwa sababu inamchafua tumbo. Ukimhesabu na wasiokunywa, kahawa inapata sifa isiyo yake. Nimewaambia tangu mko wadogo: chakula kisifanywe dawa. Sikujua kwamba mimi mwenyewe ningekifanya sumu.

Na katika mapitio yale ya 2016 walisema vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinaleta saratani ya umio, viwe kahawa, chai au maji matupu. Hilo ndilo nililopaswa kumwambia mzee miaka yote ile: baba, subiri kipoe. Angenisikia, maana alinipenda kama binti yake wa kumzaa.

Kuhusu vidonge, sitaki kukuamulia. Umeshakuwa mtu mzima. Lakini watu waliofuatiliwa kwenye tafiti zile walikuwa wakinywa vikombe, si kumeza kahawa iliyokamuliwa ikatiwa kwenye kidonge. Nimesema sitaki kukuamulia. Ila kama bado hujalipa, nipigie kwanza.

Mama yako